Uzi maalumu: Kamusi ya Kiswahili inavyotungwa, na kwa nini "halimo kamusini" ni hoja dhaifu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila mabishano ya lugha yanapopamba moto humu, hatimaye hujitokeza mchangiaji akapiga picha ukurasa wa kamusi na kuuweka mbele yetu kama hukumu ya mahakama ya rufani: neno limo, basi ni Kiswahili, neno halimo, basi ni uzushi wa vijana. Nimewahi kuwa msaidizi wa uhariri katika mradi wa kamusi, kazi isiyo na sifa nyingi wala malipo makubwa, na naomba nieleze kwa urefu ukurasa ule hupatikanaje. Nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia: kamusi zetu zimerithi mengi kutoka katika kamusi zilizozitangulia kuliko zilivyochota vinywani na maandishini mwa wasemaji, na hoja ya "halimo kamusini" haiwezi kubeba uzito tunaoupa.

Kwanza istilahi mbili, maana bila hizo tutapotezana njiani. Neno linaloorodheshwa kwa herufi nzito huitwa kidahizo. Kidahizo pamoja na maelezo yake yote, yaani aina ya neno, ngeli, fasili, mfano wa matumizi na minyambuliko, huitwa kitomeo. Mtunga kamusi, ambaye vyuoni humwita mwanaleksikografia, hushinda kutwa akiamua mambo ya aina mbili: ni neno gani listahili kuwa kidahizo, na ndani ya kitomeo chake kiingie nini na kiachwe nini.

Katika lugha yetu hata kupanga maneno kwa alfabeti ni uamuzi mzito, kwa sababu maneno yetu hubadilika zaidi upande wa mbele. Aliyekutana na "walimpigia" hawezi kwenda kwenye herufi W. Ni lazima ajue kuvua viambishi hadi afike kwenye "piga". Ndiyo maana kitenzi hupangwa bila ku-, nomino hupangwa kwa umoja wake, na kivumishi kinachopokea viambishi huandikwa kwa mzizi, -zuri kwenye Z na -refu kwenye R. Mtoto wa shule anayetafuta "nyimbo" kwenye N au "meno" kwenye M ataambulia patupu na kudhani kamusi ina kasoro, kumbe hajafundishwa kwamba aanzie "wimbo" na "jino". Na ukishangaa kwa nini herufi K na M zimevimba kupita nyingine, sababu ni hizo hizo ngeli zetu za ki- na m-, ambazo hukusanya nomino nyingi mahali pamoja.

Wapo waliochagua njia nyingine. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939 iliziweka nomino nyingi zilizotokana na vitenzi chini ya kitenzi mama, hivyo "mpishi" ukaupata ndani ya "pika". Kwa mwanaisimu mpango huo unapendeza, kwa kuwa ukoo mzima wa maneno unauona kwa mtazamo mmoja. Kwa mwanafunzi ni adhabu, kwa kuwa anatakiwa ajue asili ya neno kabla hajaruhusiwa kujua maana yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoka mara ya kwanza mwaka 1981, iliamua kuipa kila nomino mahali pake. Mimi naunga mkono uamuzi huo, ingawa nakiri kwamba ule wa Johnson ulinifundisha mambo mengi kuhusu lugha yangu.

Halafu kuna minyambuliko. Kitenzi kimoja hutoa andika, andikia, andikiana, andikwa, andikika, andikisha, andikishwa, na bado hujamaliza. Kila mmoja ukipewa kitomeo chake, kamusi itafika juzuu kumi na hakuna mzazi atakayeinunua. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mnyambuliko ambao maana yake inakisika kutokana na mzizi hutajwa tu mwishoni mwa kitomeo cha mzizi, na uliojitenga kimaana hupewa nafasi yake. Kuitamka kanuni hiyo ni rahisi. Lakini andikisha ni kumfanya mtu aandike, jambo linalokisika, na pia ni kuingiza jina la mtu katika orodha rasmi, kama kumwandikisha mtoto shule, jambo lisilokisika. Amkia ina undugu na amka, ila hakuna anayemwamkia mzee wake huku akifikiria usingizi. Mhariri mmoja ataitenga, mwenzake ataiacha ndani, na wote wawili watakuwa na sababu zao.

Nitaendelea na fasili baadaye. Karibuni.

Mchangiaji wa Tanga

Mleta mada, ahsante kwa somo. Nina swali moja. Maneno yanayoandikwa sawasawa yakiwa na maana mbalimbali, mnajuaje kwamba ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mawili yaliyogongana kwa umbo tu? Nimeona kamusi ikiandika namba ndogo juu ya kidahizo, na sijawahi kuona maelezo ya namba hizo hupangwa na nani.

Mleta mada

Swali zuri sana, mkuu, na ni moja ya mambo yanayoleta ugomvi mkubwa katika meza ya wahariri.

Chukua "paa". Kuna paa wa porini, kuna paa la nyumba, kuna kupaa angani na kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Kwa nomino, ngeli hutusaidia: yule wa porini ni a-/wa-, lile la nyumba ni li-/ya-, na maana zao hazina uhusiano wowote, kwa hiyo ni vidahizo viwili, kila kimoja na namba yake. Kwa vitenzi ngeli haipo. Hapo unatazama kama vina asili moja, na kama hujui asili, unajiuliza iwapo msemaji wa kawaida anahisi uhusiano kati ya ndege kupaa na samaki kupaliwa. Hahisi. Basi ni vidahizo viwili tena, na jumla vinakuwa vinne.

Sasa njoo kwenye "mbuzi". Kuna mnyama, na kuna kile kifaa cha jikoni cha kukunia nazi. Ngeli zinatofautiana: mbuzi wangu amepotea, mbuzi yangu imepotea. Kwa kipimo cha ngeli ni maneno mawili. Je, wasemaji wanauonaje uhusiano wenyewe? Wengine husema jina limehama kutoka kwa mnyama kwenda kwenye kifaa, wengine hawajawahi kulifikiria, na mhariri analazimika kuchagua, ama maana ya pili ndani ya kitomeo kimoja, ama kidahizo cha pili. Mimi ningevitenga, kwa sababu mtu anayetaka kujua ngeli atachanganyikiwa akikuta mbili ndani ya kitomeo kimoja.

Na hapo ndipo inapokuja fasili yenyewe. Rasimu ya kwanza ambayo karibu kila mtu huiandika ni "chombo cha kukunia nazi". Haina uongo, lakini ni mbovu. Vipo vifaa vingine vya kukunia nazi, vikiwamo vya bati vyenye matundu na mashine za sokoni, na fasili hiyo haivitengi. Rasimu ya pili inajaribu kusema kitu chenyewe kilivyo: kigoda cha mbao, aghalabu cha kukunjwa, chenye chuma bapa chenye meno kwenye ncha yake, ambacho mtu hukikalia na kukuna nyama ya nazi iliyovunjwa vipande viwili. Hii sasa inamwonyesha kitu msomaji wa bara ambaye hajapata kukiona. Lakini imekuwa ndefu, mhariri mkuu anataka mstari mmoja na nusu, na kila neno ulilolitumia ndani yake, pamoja na kigoda na kukuna, linatakiwa nalo liwe na kitomeo humo humo ndani ya kamusi. Ukimaliza hapo utaulizwa "kibao cha mbuzi" kikae kwenye kibao au kwenye mbuzi. Kitomeo hiki kimoja kinaweza kula nusu siku ya kazi.

Dhambi mbili za fasili ambazo kila msomaji wa kamusi zetu amewahi kukutana nazo ni mzunguko na "aina ya". Mzunguko ni pale unapoambiwa neno la kwanza maana yake ni la pili, ukienda kwenye la pili unarudishwa kwenye la kwanza. "Aina ya" ni pale samaki mzima mwenye jina, rangi, bei na msimu anapofasiliwa kuwa ni "aina ya samaki". Mvuvi akisoma hivyo anacheka. Kisa cha fasili kama hizo si uvivu peke yake. Mtunga kamusi mara nyingi amekaa ofisini mjini, orodha ya majina ya samaki ameikuta katika kamusi iliyotangulia, samaki mwenyewe hamjui, na bajeti ya kumpeleka dikoni au kumlipa mtaalamu wa viumbe wa baharini haipo. Dawa inajulikana: weka jina la kisayansi, kama mbuyu kuwa *Adansonia digitata* au mwarobaini kuwa *Azadirachta indica*, kisha ongeza maelezo mawili matatu ambayo yule anayemjua samaki au mti huo atayakubali.

Mchangiaji wa Tanga

Nimekuelewa vizuri. Niongeze tu kwamba kwetu wengi husema kupara samaki, na kupaa utalisikia kwa wachache.

Mleta mada

Ahsante. Taarifa kama hiyo, neno, mahali na nani hulisema, ndiyo malighafi ya kazi hii. Mtunga kamusi mzuri ataliweka "para" kama kidahizo na kuliunganisha na "paa" kwa rejeleo, badala ya kuamua kutoka kitini kwamba mmoja wenu amekosea.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, umesema vyema, lakini umepita haraka sana kwenye urithi ulioutaja mwanzo. Sisi wa Mvita tuna malalamiko ya muda mrefu. Kamusi ya kwanza kubwa ilikusanywa kwetu, halafu kamusi zilizofuata zikatugeuza watu wa pembeni. Babu zangu walisema ndoo pale mnaposema njoo, walisema mato pale mnaposema macho, na walisema kutinda pale mnaposema kuchinja. Leo mtoto wangu akiandika hivyo shuleni anakatwa alama, na mwalimu humwonyesha kamusi.

Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, malalamiko yako yana msingi wa kihistoria, na naomba niufuate kwa hatua.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukusanya maneno karibu mara moja. Hakuyaokota njiani. Alikaa na wenyeji waliosoma, akiwamo shehe mmoja aliyekuwa kadhi, ambaye mwaka huo huo alimsaidia kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mswada wake ulingoja miaka mingi, na kamusi ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Msingi wake ni Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa. Kwa upande wa pili, Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission alikuwa Zanzibar, na kitabu chake cha mwaka 1870 chenye sarufi na orodha ndefu za maneno kilijengwa juu ya Kiunguja. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na mikondo miwili, na kila mmoja uliakisi mahali ambapo mkusanyaji alifungua sanduku lake.

A. C. Madan, wa misheni ile ile ya Steere, ndiye aliyeukuza mkondo wa Zanzibar kuwa kamusi kamili, ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, huku akichota pia kwa Krapf. Kisha ukaja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Johnson alikuwa katibu wake wa kwanza, na kamusi ya mwaka 1939 imetangaza wazi kwamba imejengwa juu ya ile ya Madan. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa taasisi ya Dar es Salaam. Ukiufuata mnyororo huu kwa utulivu, utaona kwamba kidahizo kinaweza kusafiri kutoka daftari la mmisionari wa karne ya 19 hadi kamusi iliyoko begani mwa mwanafunzi wa leo bila mtu yeyote katikati kumwuliza msemaji hai kama bado analitumia neno hilo kwa maana hiyo.

Sisemi kurithi ni wizi. Hakuna kamusi kubwa duniani iliyoanza na karatasi tupu, na mhariri anayekataa kuangalia kazi ya waliomtangulia ataruka maneno ya lazima. Hatari ni kurithi bila kuhakiki, hasa pale Kiswahili cha mahali pamoja kilipofanywa kipimo na vingine vikabandikwa lebo ya lahaja. Hata neno "lahaja" katika kitomeo lilivyokaa linamwambia msomaji kwamba hapa umeingia kichochoroni.

Napenda kulinganisha hilo na kazi ya padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka Paris kuanzia mwaka 1939 ikiwa na kurasa zaidi ya 1,100, huonyesha neno ni la lahaja gani, iwe Kimvita, Kiamu cha Lamu, Kiunguja au nyingine, na maumbo yake yanavyotofautiana kutoka pwani hadi pwani. Kwa maoni yangu bado ni moja ya hazina kubwa za msamiati wetu. Wengi wa Afrika Mashariki hawaitumii kwa sababu moja tu, kwamba imeandikwa kwa Kifaransa.

Kuna juhudi za karibu za kurekebisha mambo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na wenye macho wataona kwamba hata jina lake, kwa kusema "kamusi la", linashuhudia matumizi ya mahali lilipotungwa. Baraza hilo hilo limetoa pia kamusi za lahaja za visiwani, ikiwamo ya Kipemba na ya Kimakunduchi. Mombasa na Lamu zinastahili kazi ya namna hiyo kwa ukubwa unaolingana nazo.

Mchangiaji mwalimu

Mwalimu mwenzenu hapa, nafundisha sekondari. Naomba nipinge kidogo. Kama kamusi inaandika tu kila linalosemwa, basi usanifishaji hauna maana. Mimi nina wanafunzi arobaini na watano wanaongoja mtihani wa taifa, na mtihani hauna nafasi ya kusema "kwetu tunasema hivi". Nani basi mwenye mamlaka ya mwisho?

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Hoja yako ni nzito, ila inachanganya kazi mbili.

Kusanifisha ni kazi ya vyombo vilivyopewa jukumu hilo. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, na miongoni mwa kazi zake ni kupitisha istilahi. Kutunga kamusi ni kazi ya kueleza maana na matumizi. Taasisi moja inaweza kufanya zote mbili, kama BAKITA ilivyotoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015, na hapo mpaka kati ya kupendekeza na kueleza hufifia. Lakini kitomeo kinaweza kuwa cha kweli kwa pande zote mbili endapo kitatumia lebo vizuri. Kikisema neno ni la mtaani, la kishairi, la zamani, la Kenya au la Tanzania, mwalimu atajua alipeleke wapi na mtahini atajua alikatae wapi, na neno lenyewe halitafichwa.

Angalia jina la mashine hii tunayoandikia. Mkenya aliyesoma shule atakuandikia tarakilishi, Mtanzania kompyuta, na ngamizi nalo limependekezwa. Kamusi inayoweka moja na kuyafuta mengine haijasanifisha chochote, maana watu wataendelea kusema kama wanavyosema. Kamusi inayoyaweka yote bila kueleza lipi hutumika wapi imemwacha msomaji gizani vilevile. Mimi nataka yote yawemo, na kila moja liambiwe linakaa nchi gani.

Na kuhusu mamlaka ya mwisho, uliza kwanza ni kamusi ipi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 si sawa na toleo la 2004, na hilo si sawa na la 2013. Kamusi ya Karne ya 21, Kamusi Kuu na Kamusi la Kiswahili Fasaha hazilingani katika idadi ya vidahizo wala katika mgawanyo wa maana. Mtu anayesema "kamusi imesema" amekwisha kuchagua upande kabla hajafungua kitabu.

Mchangiaji wa teknolojia

Wakuu, mimi ni mtu wa programu. Nashangaa tunazungumza habari za kadi na madaftari katika zama hizi. Kwa nini mashine isisome magazeti yote ya Kiswahili usiku mmoja na kutoa kamusi asubuhi?

Mleta mada

Mkuu, sehemu ya kwanza ya ndoto yako imekwisha kufanyika, na matatizo yake yanafundisha.

Zamani mhariri aliandika sentensi aliyoikuta kwenye kadi, akataja chanzo, na kuitia sandukuni chini ya neno husika. Siku ya kuandika kitomeo alizitandaza kadi mezani na kuzigawa kwa mafungu, na kila fungu likawa maana. Leo kazi ya kadi hufanywa na kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini uliopangwa ili uweze kutafutwa kwa kompyuta. Ukitafuta neno, hutokea safu ya mistari yenye neno hilo katikati, na unaona kulia na kushoto kwake linaandamana na nini.

Kwa Kiswahili tatizo la kwanza ni lile la viambishi nililolitaja mwanzo. Mashine isiyojua sarufi itaiona anapiga, tulipigwa na wakimpigia kama maneno matatu yasiyojuana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na kopasi ya Helsinki iliyofanyiwa uchambuzi wa namna hiyo ina, katika toleo lake la pili, takriban maneno milioni 25. Ufini ndiyo iliyofanya kazi hiyo, nalisema bila kejeli.

Ukiiuliza kopasi kuhusu "piga", unapata mafuriko: piga kura, piga simu, piga picha, piga magoti, piga marufuku, piga vita. Unagundua haraka kwamba maana ya kumchapa mtu, ambayo kila kamusi huiweka ya kwanza, ni moja tu kati ya matumizi mengi, na kwamba katika mengi ya hayo mzigo wa maana umebebwa na nomino, kitenzi kikiwa mbebaji tu. Kamusi zetu zimezoea kuyarundika yote chini ya "piga" mpaka kitomeo kinajaza safu. Mimi ningeyapeleka kwenye nomino, "piga kura" chini ya kura na "piga simu" chini ya simu, na kuacha rejeleo kwenye "piga", kwa kuwa mtu asiyejua "piga hodi" tatizo lake ni hodi.

Tatizo la pili ni kwamba kopasi hujua kile ilicholishwa. Magazeti na hotuba hukupa siasa, michezo, mahakama na uchumi kwa wingi. Jikoni, shambani, mashuani na kwenye gereji ya mtaa havimo, au vimo kwa uchache. Tafuta mbuzi katika magazeti na utampata mnyama katika taarifa za mifugo na sikukuu, mara mia kwa moja ya kile kifaa cha nazi, nadhani hata hiyo moja ni bahati. Mashine itakuambia neno ni adimu, ilhali pwani nzima huamka nalo asubuhi. Kwa maneno ya namna hiyo hakuna njia ya mkato: mtu huenda, hukaa, huuliza, hurekodi.

Mashine pia haitakuamulia mgawanyo wa maana. Itakupa mistari elfu tatu, na wewe utaamua kama ni maana nne au saba. Wahariri wawili waliosoma mistari ile ile hutoka na idadi tofauti, nami nimeyaona hayo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi sishangai.

Jambo lingine ambalo kopasi imelifichua ni ubovu wa mifano yetu. Sentensi ya mfano iliyotungwa mezani huwa na Juma au Asha akifanya tendo husika na hakuna zaidi. Haimwonyeshi msomaji neno linapenda kukaa na maneno gani. Sentensi iliyotolewa katika matini halisi, hata ikipunguzwa urefu, humfundisha vitu vitatu kwa mara moja.

Mchangiaji wa Tanga

Na kazi yote hii huchukua muda gani? Nauliza kwa sababu watu hudai toleo jipya kila mwaka kama simu.

Mleta mada

Inategemea ukubwa, lakini makadirio ya mwanzo karibu siku zote hushindwa. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipendekezwa na Philological Society mwaka 1857. Mkataba na wachapishaji ulipotiwa saini mwaka 1879 ilitarajiwa kumalizika kwa miaka 10. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na iliishia kwenye neno "ant". Mhariri James Murray alifariki mwaka 1915 kazi ikiwa bado, na sehemu ya mwisho ikatoka mwaka 1928. Hapo walikuwa na wasomaji wa kujitolea wengi waliotuma sentensi kwa posta kutoka kila upande, na hata hivyo neno "bondmaid" liliachwa kabisa kwa sababu karatasi zake zilipotea.

Sisi tumekuwa tukifanya kazi hiyo na wahariri wachache wanaofundisha darasani asubuhi na kuandika vitomeo jioni, kwa fedha za mradi ambazo huisha kabla herufi hazijaisha. Utaliona hilo ukilinganisha herufi za mwanzo na za mwisho katika kamusi nyingi: A hadi K zina mifano minono, U hadi Z zimeandikwa na mtu anayetazama kalenda.

Mchangiaji wa Mombasa

La mwisho kwangu. Maneno yanapokufa, mnayatoa? Nimeona watu wakitaka kamusi "isafishwe".

Mleta mada

Kamusi ndogo ya shule inaweza kuyatoa, kwa kuwa kila mstari wake una bei. Kamusi kubwa isiyatoe. Mtu anayesoma tenzi za zamani au hati za biashara za pwani atakutana na pishi, kibaba na frasila, na hakuna mahali pengine pa kukimbilia. Kinachotakiwa ni lebo ya "zamani" na kipimo kinachoeleweka, kwa mfano kwamba pishi ni vibaba vinne, badala ya "aina ya kipimo". Na neno lililokufa Dar es Salaam linaweza kuwa hai Pate au Tumbatu, kwa hiyo kabla ya kuandika lebo hiyo mhariri awe ameuliza huko pia.

Walio na maneno ya kwao ambayo hawajayaona katika kamusi yoyote, wayaweke hapa chini, kila moja na sentensi nzima iliyowahi kusemwa au kuandikwa, mahali liliposikika, rika la aliyelisema na ngeli yake. Fasili tutaijadili baada ya kuwa na sentensi.